Hisa 200 zilizogeuka 600: kisa cha bei ya zamani iliyokataa kuoana na daftari

Usuli

Mwenye hisa katika kisa hiki ni mama mmoja mstaafu. Nitamwita Mama tu, kama wanawe wanavyomwita. Katikati ya miaka ya 1990 alinunua hisa 200 za kampuni ya viwanda iliyoorodheshwa Marekani, kupitia dalali ambaye ofisi yake ilishafungwa zamani. Alipewa cheti cha karatasi, akakihifadhi. Kila robo mwaka gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, lilimfikia, akalipokea taslimu na kulitumia. Hakuwahi kuuza wala kuongeza hata hisa moja.

Jina la kampuni na tarehe kamili nimeviondoa. Bei nazo nimezibadilisha, ila kwa namna ambayo hesabu zinaoana vilevile zilivyooana kwenye makaratasi halisi.

Miaka mingi baadaye Mama alikihamishia cheti kwenye akaunti ya dalali wa mtandaoni. Taarifa ya akaunti ikaonyesha hisa 600, na mahali pa gharama ya ununuzi palikuwa patupu. Jambo hilo si geni. Madalali wa Marekani walianza kulazimika kuripoti gharama kwa hisa zilizonunuliwa kuanzia 1 Januari 2011. Kwa zilizonunuliwa kabla ya hapo, mzigo wa kuthibitisha ni wa mwenye hisa. Asipothibitisha, anaweza kuhesabiwa kwamba alizipata bure, na fedha yote ya mauzo ikaonekana ni faida inayotozwa kodi.

Mama alitaka kuuza zote. Kifungua mimba wake, hodari wa majedwali ya kompyuta, akajitolea kutafuta bei ya ununuzi. Bei za zamani zimejaa mtandaoni bila malipo, kwa hiyo kazi ilionekana ya nusu saa.

Mtiririko wa mambo

Alipakua jedwali la bei za kila siku tangu miaka ya 1990. Lilikuwa na safu za kawaida: tarehe, bei ya kufungua, ya juu, ya chini, ya kufunga, ya kufunga iliyorekebishwa, na idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Alitazama tarehe iliyopigwa kwenye cheti, akashuka hadi mstari wake, akachukua bei iliyorekebishwa. Hoja yake ilikuwa rahisi: kilichorekebishwa kimeondolewa makosa. Palisomeka 10.11. Akazidisha kwa hisa 200, akapata dola 2,022.

Mama aliposomewa namba hiyo alikataa. "Mimi nilitoa zaidi ya elfu kumi na sita. Fedha ile niliikusanya miaka, siwezi kuisahau." Kijana akadhani kumbukumbu imemchezea.

Hata hivyo akajaribu tena. Safari hii alichukua bei ya kufunga ya kawaida, 28.7083, akazidisha kwa 200 na kupata 5,741.66. Kisha akakumbuka kwamba akaunti ina hisa 600, akarudi kwenye 10.11, akazidisha: 6,066. Sasa alikuwa na majibu matatu kwa swali moja, na hakuna hata moja lililokaribia elfu kumi na sita.

Kitinda mimba ndiye aliyeona kwamba wanahangaika na kompyuta wakati Mama mwenyewe alikuwa mtu wa kuandika. Akapekua makaratasi ya zamani, akapata daftari la matumizi la miaka ile. Ukurasa mmoja ulikuwa na mstari wa wino wa bluu uliofifia: tarehe, "200", kisha "84 1/8", kisha "kamisheni 168". Tarehe yenyewe ilitangulia ile ya cheti kwa wiki kadhaa.

Hapo likazuka tatizo jipya. Nafasi kati ya 84 na 1/8 ilikuwa finyu mno, na kijana akaisoma "841/8". Akagawanya 841 kwa 8, akapata 105.125, na kwa hisa 200 ikawa 21,025. Mama alikuwa amesema zaidi ya elfu kumi na sita, hakusema zaidi ya ishirini. Familia ikagawanyika: mmoja anaamini jedwali, mwingine anaamini daftari ambalo halisomeki vizuri, na Mama anaamini kichwa chake. Wakaamua kusimamisha uuzaji mpaka suala liishe. Miezi ikapita. Nilishirikishwa baadaye, wakati hisa imeshashuka kutoka karibu dola 74 hadi chini ya 72, na kaka na dada hawasemezani sana kuhusu jambo hilo.

Maamuzi na sababu zake

Swali la kwanza nililowauliza: bei hii ni ya hisa ipi? Kwa kuwa hisa ya kampuni ile mwaka 1996 na hisa ya kampuni hiyohiyo leo ni vipande vya ukubwa tofauti. Tukaacha jedwali kando, tukaingia kwenye tovuti ya kampuni, sehemu ya wawekezaji, ambako kampuni nyingi kubwa huweka orodha ya mara zote walizogawanya hisa zao. Tulikuta mbili. Mara ya kwanza kila hisa moja iligeuka mbili. Mara ya pili kila hisa mbili ziligeuka tatu. Hisa 200 zikawa 400, kisha 600. Kwa hiyo bei yoyote ya kabla ya migawanyo hiyo, ili ilingane na hisa za leo, lazima igawanywe kwa 3.

Ili waone kwa macho, niliwaonyesha mfano unaojulikana. Ijumaa ya 28 Agosti 2020 hisa ya Apple ilifunga kwa dola 499.23. Jumatatu ya 31 Agosti ilifunga kwa 129.04. Mtu asiyejua angesema kampuni imeporomoka kwa karibu robo tatu mwisho wa wiki moja. Kilichotokea ni kwamba kila hisa iligeuka nne, 499.23 ukigawa kwa 4 ni 124.81, kwa hiyo Jumatatu ile hisa ilipanda. Na ukifungua jedwali leo hutaiona 499.23. Utakuta 124.81, bei ambayo hakuna aliyewahi kuilipa siku ile. Kinyume chake pia hutokea: General Electric iliunganisha kila hisa 8 kuwa 1 mwaka 2021, na bei zake za kabla ya hapo zikazidishwa kwa 8 katika majedwali, zikaonekana kubwa kuliko zile walizolipa wanunuzi.

Uamuzi wa pili ulihusu tarehe. Tarehe ya cheti ni siku msajili wa hisa alipoandika jina la mmiliki mpya, na enzi za karatasi hilo lingeweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya biashara kufanyika sokoni. Gharama hufuata siku ya biashara. Tarehe ya daftari ilikuwa na uzito zaidi, ila ilibidi ithibitishwe, kwa kuwa maandishi ya mwenye hisa peke yake yanaweza kutiliwa shaka.

Sehemu hii ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Mstari wa jedwali kwa tarehe ya daftari ulisomeka hivi: bei ya juu 28.2083, ya chini 27.9167, ya kufunga 28.1667. Namba hizo zina sura ya ajabu. Katikati ya miaka ya 1990 masoko ya Marekani yalikuwa bado yanataja bei kwa sehemu za nane za dola: 84, 84 1/8, 84 1/4, na kuendelea. Soko la New York lilihamia sehemu za kumi na sita mwaka 1997, na likaingia kwenye senti kikamilifu mwaka 2001. Kwa hiyo hapakuwa na njia ya hisa ile kuuzwa kwa 28.2083 siku hiyo. Hakuna sehemu ya nane inayozaa mkia huo. Zidisha kwa 2, upate 56.4166, bado si sehemu ya nane. Zidisha kwa 3: 84.625, yaani 84 5/8. Ya chini inakuwa 83.75, yaani 83 3/4. Ya kufunga inakuwa 84.50. Zote tatu zinatua palepale zinapopaswa kutua.

Jedwali lenyewe, bila kuulizwa, lilikuwa limekiri kwamba limegawanywa kwa 3. Na "84 1/8" ya Mama ilikaa vizuri kati ya bei ya chini 83 3/4 na ya juu 84 5/8. Usomaji wa 105.125 ukafa hapohapo, kwa kuwa siku ile hakuna aliyelipa bei hiyo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini bei ya Mama haikufanana na ya kufunga. Haikupaswa kufanana. Bei ya kufunga ni ya biashara ya mwisho ya siku; yeye alinunua saa nyingine, kwa bei ya saa hiyo. Mtu anapokosa hati yoyote huenda akalazimika kutumia makadirio yatokanayo na bei za siku, kwa kanuni za mamlaka ya kodi inayomhusu. Mwenye daftari hana haja ya kukadiria.

Gharama ikawa: 200 mara 84.125, sawa na 16,825, ongeza kamisheni 168, jumla 16,993. Kumbukumbu ya Mama ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Uamuzi wa tatu haukuwa umeombwa na mtu. Nina mazoea ya kupitia jedwali lote na kuweka alama kwenye kila siku ambayo hisa ilishuka ghafla huku soko kwa jumla likiwa limetulia. Siku moja, miaka kadhaa iliyopita, ilijitokeza: jana yake hisa ilifunga kwa 61.40, siku hiyo ikafunga kwa 55.20. Asilimia kumi imeyeyuka kwa siku moja, na habari za siku hiyo hazikutaja hasara, kesi wala mkurugenzi aliyefukuzwa. Kisha tukapata tangazo: siku hiyo kampuni ilitenga kitengo chake kimoja kuwa kampuni inayojitegemea, na kila mwenye hisa 4 akapewa hisa 1 ya kampuni mpya. Hisa mpya ilifunga siku yake ya kwanza kwa 25.10. Gawa kwa 4, upate 6.275, jumlisha na 55.20, upate 61.475. Hakuna kilichopotea. Thamani ilikuwa imehamia mfuko mwingine.

Mama alikuwa na hisa 600, kwa hiyo alistahili hisa 150 za kampuni mpya. Nikamuuliza kama anazo. Alinitazama, kisha akamtazama kitinda mimba wake. Hakuwahi kusikia jina la kampuni hiyo.

Utengano wa namna hii hubadilisha gharama pia. Zile 16,993 hazikununua tena hisa za kampuni moja, zinapaswa kugawanywa kati ya mbili. Kwa bei za kufunga za siku ya kwanza, kampuni mama, yaani ile ya awali, ingebeba asilimia 89.79 na mpya 10.21. Lakini kampuni ilikuwa imechapisha mgawanyo wake rasmi, 89.64 kwa 10.36, uliokokotolewa kwa wastani wa bei badala ya bei ya kufunga. Tukatumia ule wa kampuni. Tofauti ni ndogo, na sikuona sababu ya mtu binafsi kutetea namba yake mwenyewe wakati ipo iliyochapishwa na kampuni ambayo wenye hisa wengine wanaitumia. Kampuni mama ikapata gharama ya 15,232.53, yaani 25.39 kwa hisa; mpya ikapata 1,760.47, yaani 11.74 kwa hisa.

Matokeo

Mama aliuza hisa zote 600 kwa 71.30, akapata 42,780 kabla ya makato. Faida yake kwa hesabu sahihi ni 27,547.47. Kama ile 2,022 ya kwanza ingetumika, faida ingeonekana kuwa 40,758, yaani angetozwa kodi juu ya zaidi ya dola 13,000 ambazo hazikuwahi kuwa faida. Kama gharama ingebaki patupu, hali ingekuwa mbaya zaidi.

Hisa 150 zilikutwa kwa msajili wa kampuni mpya, zimeandikwa jina la Mama kwa anwani aliyohama zamani. Barua zilikuwa zikienda na kurudi. Kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye kulichukua muda na fomu kadhaa, lakini zikapatikana. Hizo hakuziuza. Gawio la miaka iliyopita lilikuwa jambo gumu zaidi, kwa kuwa sehemu yake ilishapelekwa kwenye mfuko wa mali zisizodaiwa, wenye taratibu zake. Ninapoandika haya, dai hilo bado linafuatiliwa.

Uchambuzi

Kosa la kwanza la kifungua mimba, kuchukua safu iliyorekebishwa, hufanywa na watu wenye elimu nzuri tu, na ninaelewa kwa nini. Jina la safu linapotosha. Hairekebishi makosa, inajibu swali jingine kabisa: mtu aliyewekeza siku ile, na kila gawio akalirudisha kununua hisa zaidi, angekuwa ameanza na kiasi gani kwa kipimo cha bei ya leo? Kila gawio linapotoka, bei zote za nyuma huzidishwa kwa kigezo kidogo kuliko moja. Tuseme hisa imefunga kwa 71.40, kisha ikaanza kuuzwa bila gawio la senti 50, yaani anayenunua kuanzia hapo halipati. Kigezo ni 1 toa 0.50 gawa kwa 71.40, yaani 0.993. Bei zote za kabla ya siku hiyo, hadi mwanzo kabisa wa jedwali, zinapunguzwa kwa kiwango hicho. Fanya hivyo kila robo mwaka kwa karibu miaka thelathini, ongeza utengano wa kampuni, na bei ya 28.7083 inateremka hadi 10.11.

Jambo hilo lina athari iliyomtia kijana wasiwasi wakati tunafanya kazi. Alipakua jedwali upya, akakuta ile 10.11 imekuwa 10.04, akaja mbio kusema tovuti imechezewa. Haikuchezewa. Gawio jipya lilikuwa limetoka katikati. Safu iliyorekebishwa huandikwa upya kila mara, kwa hiyo haifai kabisa kuwa ushahidi wa malipo yaliyofanyika siku fulani. Mwenye kuitumia kwa kazi yoyote ya maana aandike pembeni tarehe aliyoipakua, na atunze faili lenyewe.

Hata hivyo nisiitupe. Kwa swali lake inafaa kuliko safu zote. Kaka alikuwa akisema hisa ya Mama imepanda mara saba, dada akisema mara mbili na nusu. Wote walikuwa sahihi. 71.30 kwa 10.11 ni mara saba, kwa mtu aliyerudisha kila gawio na kubaki na thamani ya kampuni iliyotengwa. 71.30 kwa 28.7083 ni mara mbili na nusu, bei peke yake. Mama hakuwa mmoja wa hao wawili: alipokea gawio na kulila, akabaki na hisa 150 asizozijua. Anayelinganisha kampuni mbili kwa miaka mingi atumie iliyorekebishwa, la sivyo kampuni inayolipa gawio nono itaonekana imezembea mbele ya ile isiyolipa. Anayetafuta alichotoa mfukoni arudi kwenye hati.

Kilichofanya kazi vizuri ni kulitumia jedwali kama shahidi wa kuhojiwa. Kujua kwamba soko la enzi ile lilihesabu kwa sehemu za nane kulitupa njia ya kuthibitisha mgawanyiko wa 3 bila kutegemea tovuti yoyote. Orodha ya kampuni ilisema 3, desimali zikasema 3, akaunti ikasema hisa 600. Vyanzo vitatu visivyotegemeana vilipokubaliana, daftari likapata nguvu ambayo lisingekuwa nayo peke yake. Tuliambatisha nakala ya ukurasa ule, mstari wa jedwali wenye bei ya juu na ya chini, na orodha ya migawanyo.

Kupitia miporomoko ya siku moja kulilipa kuliko kazi nyingine yote, na hakukuwa sehemu ya kazi niliyopewa. Utengano wa kampuni hushughulikiwa ovyo katika majedwali ya bure. Baadhi hurekebisha bei za nyuma, baadhi huzirekebisha katika safu moja tu, mengine huuingiza kama mgawanyo wa hisa wenye uwiano usioeleweka. Kwa mwenye hisa wa muda mrefu mporomoko usio na habari ni dalili ya kuchunguzwa. Ukikuta asilimia kumi imepotea siku ambayo hakuna aliyelia, huenda imekwenda mahali penye jina lako.

Kilichoshindikana ni mpango wa familia kusubiri. Uuzaji ulisimamishwa kwa sababu ya namba ambayo haikuhitajika siku ya kuuza. Gharama ya ununuzi inahitajika wakati wa kutoa hesabu za kodi, na kati ya mauzo na hesabu hizo kwa kawaida kuna miezi. Mama angeweza kuuza kwa karibu 74 na daftari likatafutwa baadaye. Tofauti ya dola 2.70 kwa hisa 600 ni 1,620. Kaka aliniuliza kama fedha hiyo inaweza kuongezwa kwenye gharama, ili angalau ipunguze kodi. Nikamwambia haiwezi, kwa kuwa bei ambayo hukuuza haihesabiki popote. Mama akacheka, akamwambia basi ailipe yeye.